Kununua na kujenga komini Annexe, Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila wiki kuna mtu anayechimba msingi Kalebuka, Kasapa, Luwowoshi, Kasungami, Kisanga au Munua. Wengi wanafika na akiba ya miaka mingi mkononi na maswali yaleyale mdomoni. Pale ambapo kosa linaweza kukupotezea nyumba tumejibu kwa kirefu. Pengine tumepita haraka.

Annexe ni nini hasa, na kwa nini inajaa haraka hivi?

Lubumbashi ina komini saba, yaani sehemu saba za utawala wa mji: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Sita za kwanza zimebanana katikati. Annexe inazizunguka, na kwa ukubwa wa ardhi inazishinda zote sita zikijumlishwa. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, huku kote kulikuwa pori la miombo na vijiji vya Walamba. Katuba na Ruashi zilikuja katika miaka ya 1950, avenyu zikiwa zimenyooshwa na viwanja vimepimwa kabla watu hawajaingia. Annexe ya leo imefuata njia nyingine: watu wameingia kwanza, na kipimo kinawafuata nyuma, kikifika.

Msukumo mkubwa umetoka migodini. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilifungulia makampuni ya binafsi mlango, kazi za shaba na kobalti zikarudi, na watu wakazifuata kutoka Kasai, Tanganyika, Haut-Lomami na kwingineko. Lakini tusiwasingizie wageni peke yao. Wengi wanaojenga huku ni watoto wa Kenya na Katuba, waliokulia katika lupango mmoja (kiwanja cha makazi) wenye babu, wana na wajukuu, na sasa wanataka mlango wao wenyewe. Haja hiyo ni ya haki kabisa. Tunayoyaandika hapa ni ili isigeuke kilio.

Nani ana haki ya kuniuzia kiwanja?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi wanaliuliza wakati pesa imeshatoka.

Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Mtu binafsi anapewa haki ya kuutumia: Mkongomani anaweza kupata haki ya kudumu, mgeni anapata ya muda. Haki hiyo inathibitishwa na hati moja tu, hati ya usajili inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi, ile ambayo watu mjini wanaiita sertifika. Kwa hiyo muuzaji wa kweli ni mwenye sertifika, au mtu aliye na mkataba halali na Serikali na anayeweza kukuonyesha faili lake kule ofisini.

Katika Annexe mambo hayanyooki namna hiyo. Sehemu kubwa ya ardhi iligawanywa kwanza na machifu wa kimila, kisha ikakatwa na wakulima waliokuwa na mashamba, kisha ikakatwa tena na waliowanunulia. Chifu ana heshima yake, na karatasi yake inaeleza historia ya mahali. Usiidharau, maana siku ya ugomvi wazee ndio watakaosema nani alilima wapi. Lakini karatasi hiyo haikupi haki mbele ya hakimu dhidi ya mtu mwenye sertifika. Ukinunua kwa karatasi ya chifu peke yake, hesabu kwamba umenunua nusu ya safari, na bei iwe ya nusu ya safari.

Safari yenyewe iko hivi. Unaomba kiwanja kwa maandishi. Wapimaji wa kadastre, ofisi ya upimaji wa ardhi, wanakuja kupima na kuweka vigingi vya mipaka. Ukikubaliwa unapewa mkataba wa kukodi wa muda mfupi, ambao unakutaka ukiendeleze kiwanja: ujenge kitu cha kudumu. Wakaguzi wakithibitisha umejenga, unapewa mkataba wa haki ya kudumu, na mwishowe sertifika. Kila hatua ina malipo yake. Lipa kwenye kaunta au benki inayotajwa kwenye noti ya malipo, usilipe mkononi, na weka kila risiti pamoja na hati zenyewe.

Komisionere (dalali) anasema fishi ya parsele na akti ya mauzo zinatosha. Je, ni kweli?

Hapana. Fishi ya parsele inaonyesha kwamba komini inakutambua kama mkaaji wa mahali hapo. Akti ya mauzo inaonyesha kwamba wewe na muuzaji mlikubaliana. Zote mbili unazihitaji, ila hakuna hata moja inayomzuia muuzaji kumwandikia mtu mwingine akti ya pili kesho yake, na hilo linatokea.

Kabla ya kulipa hata dola mia, nenda mwenyewe kwa konservateri na kadastre na namba ya kiwanja, uombe kujua kimeandikwa kwa jina la nani. Nenda bila komisionere. Kisha ongea na majirani wa pande zote nne, asubuhi na tena jioni, kwa sababu mwenye kujua habari za lupango ule huenda yuko kazini mchana.

Papa aliyekuwa mwenye kiwanja amefariki, na mtoto wake mkubwa ndiye anauza. Ninunue?

Usinunue kwa mtoto mmoja. Warithi wote waandikwe, kikao cha familia kiandikiwe hati na kila mmoja atie sahihi, na mama mjane asikike kwa mdomo wake mwenyewe. Hata muuzaji akiwa hai na ana ndoa, taka sahihi ya mke na ya mume. Kesi nyingi za viwanja zinaanza na shangazi au dada aliyekuwa Likasi au Kolwezi wakati wa mauzo na hakuambiwa.

Nitajuaje kwamba kiwanja hakiko ndani ya ardhi ya shirika au ya umma?

Lubumbashi imejaa ardhi kubwa zenye mwenyewe ambazo zinaonekana kama pori tupu. Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, ana zake, reli ya SNCC ina zake, chuo kikuu kule Kasapa kina zake, uwanja wa ndege wa Luano una zake, jeshi lina zake. Majani marefu hayamaanishi kwamba hakuna mwenye mali. Ukiona kiwanja cha bei ya chini kuliko vingine vyote vya kartie (mtaa), karibu na reli, chini ya nyaya za umeme mkubwa au kando ya uzio wa uwanja wa ndege, swali lako la kwanza liwe kwa nini kimebaki.

Kuna jambo jingine ambalo mji wa madini haupaswi kulisahau. Sertifika yako inahusu uso wa ardhi. Madini yaliyo chini ni ya Serikali, na vibali vyake vinatolewa na kadastre ya migodi, ofisi nyingine yenye ramani nyingine. Watu wa Kasulo, kartie ya Kolwezi, walijua maana yake kuanzia mwaka 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya makazi na mashimo yakachimbwa hadi ndani ya nyumba. Ukiona alama za uchunguzi wa madini karibu na unapotaka kujenga, uliza ofisi zote mbili.

Barabara haipo bado. Kwa nini tuache nafasi yake?

Tungependa kila mnunuzi asome jibu hili mara mbili.

Nyumba mbovu inaweza kubomolewa na mwenyewe na kujengwa upya. Maji yanaweza kuja baadaye, umeme unaweza kuja baadaye, shule inaweza kujengwa baada ya miaka kumi. Nafasi ya barabara ikishajengwa haipatikani tena, kwa sababu imegeuka vyumba vya watu kumi tofauti, na kila mmoja ana akti yake mkononi. Hapo bomba la Regideso, shirika la maji, halipiti, gari la zimamoto halipiti, mgonjwa anabebwa mgongoni hadi njia kubwa, na mfereji wa maji ya mvua hauna pa kuchimbwa. Taabu nyingi tunazozitaja chini ya ukurasa huu zinatokana na hili moja.

Jinsi linavyotokea ni rahisi. Mwenye shamba anakata viwanja vya mita 20 kwa 30 na kuacha avenyu pana. Vikiisha, anaona ile avenyu bado tupu, anaikata. Mnunuzi wa mwisho anapata kiwanja cha mita 10 kwa 15 katikati ya njia, kwa bei nzuri, na hana habari. Au wakaaji wenyewe, kila mmoja akijenga ukuta, anausogeza hatua mbili mbele. Hatua mbili huku na hatua mbili kule, na avenyu imekuwa kichochoro.

Tunajua hoja inayotolewa: Serikali haijaleta barabara, kwa nini tuitunzie ardhi? Kwa sababu nafasi hiyo si zawadi kwa Serikali. Ni ya watoto watakaoipita kwenda shule. Kabla ya kununua, taka kuona mchoro wa mgawanyo wa viwanja ambao ofisi ya mipango miji imeuona, uhesabu avenyu zilizochorwa, kisha uende kuzihesabu kwa miguu. Zikipungua, jua ni nani atakayebomolewa siku moja, na hakikisha si wewe. Utafute pia kwenye mchoro mahali pa shule, soko na kituo cha afya. Mgawanyo usio na hata kimoja cha hivyo ni mpango wa kuuza ardhi tu.

Maji ya mvua yanaingia kwetu kila mwaka. Tufanye nini?

Mvua ya Lubumbashi inajikusanya katika msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili, na inaponyesha inanyesha kweli. Ukinunua wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, mahali popote panaonekana pazuri. Rudi Januari kabla ya kujenga, au angalau waulize majirani maji yalifika wapi ukutani.

Kosa la kawaida ni kila mtu kuyasukuma maji kwa jirani kwa kuinua udongo wa lupango wake. Yanayosukumwa na nyumba thelathini yanakutana avenyu ya chini na kuichimba mpaka inakuwa korongo. Mfereji wa avenyu unapaswa kuanza juu na kuishia kwenye mto au mfereji mkubwa, si mbele ya nyumba ya mama fulani. Kwenye kiwanja chako mwenyewe acha sehemu bila saruji ili maji yazame, na panda majani au miti kwenye mteremko. Kando ya mito ya Kafubu na Lubumbashi na vijito vingine usijenge kabisa, hata kama umeuziwa.

Tuchimbe kisima au tungoje Regideso?

Mabomba ya Regideso hayajafika sehemu kubwa ya Annexe, na hata yalipofika maji hayatoki kila siku. Kwa hiyo watu wanachimba: wenye uwezo wanapiga foraji (kisima kirefu cha mashine), wengine wanachimba kisima kwa mkono. Chini ya mji kuna miamba inayoshika maji vizuri, ndiyo maana foraji nyingi zinafaulu.

Hatari iko juu, karibu na uso. Kisima kifupi kilicho karibu na choo kinakunywesha choo. Kanuni inayofuatwa kwingi ni kuacha angalau mita 30 kati ya shimo la choo na chanzo cha maji, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Kwenye kiwanja cha mita 15 kwa 20 umbali huo hauwezekani, hasa ukikumbuka kwamba choo cha jirani nacho kinahesabika. Ndiyo maana tunaona ni busara zaidi watu wa avenyu wachange kwa foraji moja ndefu, yenye mfuniko wa saruji na tanki la juu, kuliko kila lupango kuwa na kisima chake. Maji ya kisima cha mkono yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywa, bila kungoja tangazo la kipindupindu.

Umeme utafika lini?

Hakuna anayeweza kukupa tarehe ya kweli. Umeme wa Katanga unatoka kwenye mabwawa ya Nzilo, Nseke, Mwadingusha na Koni, pamoja na laini ndefu kutoka Inga, na migodi inagombania umeme huohuo na nyumba za watu. Hata kartie za katikati zinajua delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu.

Kinachofanyika huku ni wakaaji kuchanga pesa za nguzo, nyaya na kabini (transfoma). Kama mnachanga, andikeni mkataba na SNEL, shirika la umeme, kabla ya kununua kifaa chochote, mjue kabini itabeba nyumba ngapi, na mkubaliane tangu mwanzo jirani atakayekuja kesho ataingia kwa masharti gani. Kabini iliyopangiwa nyumba hamsini ikibebeshwa mia mbili inaungua, na mchango unaanza upya. Kwa taa, simu na redio, paneli ndogo ya jua inatosha na haina kikao.

Matofali ya hapa yanafaa?

Yanafaa, mengi ni mazuri sana. Mafundi wa Lubumbashi wanafinyanga matofali kwa udongo wa vichuguu, vile vilima vya mchwa ambavyo huku vinafikia hata mita nane kwenda juu. Udongo wake una mfinyanzi mwingi na unashikana vizuri ukichomwa. Chagua yaliyochomwa sawasawa: ukigonga mawili, yalie, yasitoe mlio mzito. Yaliyobaki mekundu hafifu na yanayovunjika kwa mkono yanatoka pembeni ya tanuri.

Kama kiwanja chako kilikuwa na kichuguu kilichosawazishwa, mwambie fundi. Udongo ule unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyokaa nusu juu yake na nusu kwenye ardhi ya kawaida inapasuka ukuta. Chimba hadi kwenye ardhi ngumu, au sogeza nyumba.

Tuseme pia kwamba kila tanuri linakula kuni, na makala (makaa) ya kupikia bukari (ugali) yanakula miti iliyobaki. Pori ambalo wazee wetu walifikia kwa miguu sasa liko mbali. Mwenye nafasi apande mti mmoja wa matunda mbele na mmoja nyuma, mwaka uleule anaohamia.

Naweza kulima mboga kwenye lupango?

Sehemu nyingi, ndiyo, na ni jambo la kutia moyo. Ila angalia uko upande gani. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi. Huko, Penga Penga na jirani zake, udongo ulibeba shaba na vyuma vingine vizito hadi majani yakagoma kuota. Watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi wamefanya kazi nyingi juu ya udongo ule. Wenzao wa Ubelgiji walishirikiana nao, na mwaka 2009 walichapisha vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi katika miili ya watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga. Kama uko upande huo au karibu na kiwanda cha madini, lima kwenye udongo ulioletwa kutoka mahali salama, osha mboga vizuri, na usiwaache watoto wadogo wacheze kwenye vumbi tupu.

Shule na vituo vya afya?

Vipo, ila vingi ni vya watu binafsi na vya makanisa. Elimu ya msingi katika shule za umma haina malipo tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, na ndiyo sababu shule chache za umma zilizopo zimefurika. Andikisha mtoto mapema, kabla hujahama.

Usafiri kwenda katikati?

Fanya safari hiyo saa kumi na mbili asubuhi, siku ya mvua, kabla ya kununua. Taksibisi zinafuata njia kubwa. Kutoka hapo hadi nyumbani ni mota (pikipiki) au miguu. Nauli ya mwaka mzima iweke kwenye hesabu ya bei ya kiwanja.

Ninapanga, sijengi. Mwenye nyumba anataka garanti (amana) ya miezi sita.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3, na ya mahali pa biashara isizidi miezi 6. Mwambie kwa heshima, na taka mkataba wa maandishi. Ukilipa, taka risiti. Wenye nyumba wengi wa Annexe ni watu wa kawaida wanaotafuta pesa za kumalizia paa, na ukiongea nao vizuri mnaelewana.

Miji mipya iliyopangwa, kama Kiswishi na Luano City, itapunguza tatizo?

Inaonyesha kwamba inawezekana kuanza na barabara, mabomba na nyaya kabla ya nyumba. Hilo ni somo zuri. Lakini bei zake si za fundi wala mwalimu, na watu wanaojaa Annexe ni mafundi, walimu na mama wa soko la Kenya. Wao wanahitaji kiwanja kidogo, kilichopimwa, kwenye avenyu yenye jina, kwa bei wanayoweza kulipa polepole. Kazi hiyo ni ya mkoa na ya mji, na wakaaji wana haki ya kuidai.

Serikali ikitaka kupitisha barabara kwangu, nitalipwa?

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inataka fidia ya haki na itolewe kabla. Sheria ya Februari 1977 inaeleza utaratibu wake. Anayefaidi ulinzi huo ni mwenye haki inayotambuliwa. Aliyejenga juu ya avenyu iliyochorwa, au kwenye ardhi ya umma, anabaki bila cha kudai isipokuwa kwa aliyemuuzia, ambaye mara nyingi haonekani tena.

Tumeshahamia, na mambo mengi hapa hatukuyafanya. Tuanzie wapi?

Anzeni na avenyu moja. Waiteni wakaaji wote, wenye nyumba na wapangaji, Jumapili baada ya misa au ibada. Pimeni upana wa avenyu kwa kamba kuanzia mwanzo hadi mwisho, na andikeni mahali ulipopungua na kwa nani. Msibomoe ukuta wa mtu siku hiyo. Mkubaliane kwanza kwamba hakuna atakayesogea mbele zaidi ya hapo alipo. Chimbeni mfereji wa upande mmoja kabla ya Novemba. Kila mwenye lupango aseme ana hati ipi, na wale ambao hawajapimwa waende kadastre pamoja, kwa sababu kundi linasikilizwa kuliko mtu mmoja. Mchoro mlioupata uwekwe sahihi na wote, nakala moja ibaki kwa shefu (mkuu) wa avenyu, nyingine ipelekwe kwa shefu wa kartie na ya tatu komini, na kila mnunuzi mpya aonyeshwe kabla hajachimba msingi.